Papa Théogène na Maji ya Barabara ya Rutshuru

Tarehe 31 Desemba 2023, papa Théogène Harelimana anaweka chini kazi aliyoifanya miaka ishirini na sita hapa Foyer Tushikane, nyumba ya wasioona, mutaa wa Katindo, Goma. Kazi yake ilikuwa kufundisha imbwa kuongoza watu wasioona, na zaidi ya kufundisha, kuwaondolea tabia mbaya. Directrice wetu, mama Julienne Mukantwari, ameniomba niandike habari zake kwa karatasi ya sherehe. Nilimwambia mimi ni mupishi, masomo yangu yaliishia primaire, na walimu hapa tuko nao. Akajibu: «Mama Bénita, walimu hawakuwa kule barabarani. Wewe ulikuwa unatembea nyuma ya papa na imbwa, uliona.» Basi ninaandika, na pale nitakapoandika vibaya munisamehe.

Papa Théogène ni mutu wa Kalengera, kule Rutshuru, kando ya barabara kubwa. Wazazi wake walikuwa wakulima. Baba yake, muzee Munezero, alipoteza macho wakati papa alikuwa bado kijana, na tangu siku hiyo kijana ndiye akawa fimbo ya baba. Kwenda misa, yeye. Kwenda shambani, yeye. Ndiyo maana mwaka wa 1997, sista mugeni aliyefungua foyer hii alipoleta imbwa wawili wa kwanza na kutafuta mutu wa kujifunza kazi yao, hakuuliza diplome. Aliuliza nani amezoea kutembea na kipofu. Watu wote walimuonyesha kidole mutu mumoja. Vita vya 1998 vilipoanza sista alirudi kwao, na papa akabaki na imbwa. Wale wawili wakazaa na imbwa wa hapa Goma, wale wenye masikio ya kusimama, na kutoka hapo wakapatikana wote tunaowajua leo.

Watu wengi wanafikiri imbwa wa kipofu ni sawa na mashine, ukishamufundisha basi. Hapana. Imbwa ni sawa na mutoto wa nyumba, kila siku anarudi na kitu alichookota huko nje. Mumoja anakula mifupa ya chini, mwingine anafukuza mbuzi, mwingine anasalimia watu njiani kama mutu anayetafuta kura. Papa Théogène hakuwahi kupiga imbwa hata mumoja. Familia ikimuletea imbwa aliyeharibika, anawakalisha kwenye benchi jikoni kwangu na kuanza kuwauliza wao. Nani kwenu anakula akitembea? Nani anafungua mulango kwa muguu? Alisema imbwa hazaliwi na tabia mbaya, anaipata kwa mutu anayetembea naye. Kwa hiyo kwanza unaangalia mukono unaoshika kamba, halafu unaangalia muguu, na imbwa mwenyewe unamuangalia nyuma ya yote.

Wazee wa foyer wanamukumbuka Malkia, imbwa aliyependa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Kila akipita kwa mama wauza samaki, kichwa kinaenda chini, na kipofu wake anainama pamoja naye kama mutu anayeabudu. Papa akaenda kukaa na wale mama. Aliwaomba watupe samaki mumoja chini kila Malkia akipita, na Malkia akiinua kichwa kwa mapenzi yake mwenyewe, papa anamupa wawili kutoka mukononi. Kufika mwisho, Malkia alikuwa anapita katikati ya sambaza akiangalia mawingu. Wale mama walipiga makofi: «Papa ametubatizia imbwa! Sasa amubatize na bwana yangu, ananusa kila sahani ya jirani!»

Halafu Sultani, aliyemuongoza muzee Bulonza. Huyo alikuwa anakaa chini kila akiona askari, na hapa Katindo, karibu na kambi, askari ni wengi kuliko kuku. Muzee Bulonza akawa anasimama wima mbele ya kila sare. Askari walizoea, wakaanza kumupigia saluti, na muzee akaanza kujibu. Papa alipouliza vizuri nyumbani kwao, alikuta muke wa mwana wa muzee anatembeza mikate na Sultani kila asubuhi, na wateja wake wote ni askari. Imbwa alikuwa anajua tu pale biashara inaposimama. Tabia ile ilipoisha, muzee Bulonza alikuja kulalamika kwamba papa amemuondolea grade yake ya jeshi.

Mwaka wa 2012, mabomu yalipolia upande wa Kibati, imbwa walikuwa wanatetemeka mpaka mabati ya kibanda chao yanalia. Papa alichukua kiti, akakaa katikati yao na sahani yangu ya maharagwe, akaanza kuchambua polepole. «Wakiona mukono wangu hautetemeki, nao watalala,» alisema. Walilala. Siku iliyofuata nilikuta maharagwe yamejaa mawe, nikayachambua tena mwenyewe.

Sasa nifike kwa Kapita, kwa sababu directrice alisema nisipoandika habari ya Kapita atairudisha karatasi.

Kapita ni imbwa wa mutoto wangu Bénita. Surua ilimuondolea Bénita macho akiwa mudogo sana. Leo ni musichana mukubwa, anafundisha watoto wasioona kusoma kwa vidole, katika shule moja kule Munigi. Sisi tunakaa Majengo. Alipopata kazi hiyo mwezi wa pili mwaka huu, alianza kupanda barabara ya Rutshuru kila asubuhi na Kapita. Na mimi nilikuwa nawafuata nyuma, beseni kichwani, kama mutu anayekwenda soko. Bénita anageuka: «Mama, rudi nyumbani. Nasikia sandali zako.» Nilikuwa narudi kidogo, halafu nawafuata tena.

Hapo ndipo niliona. Njia ni tupu, ni kavu, hakuna shimo, hakuna jiwe. Kapita anapunguza mwendo. Masikio yanalala nyuma. Halafu anazunguka. Ninaposema anazunguka, hakuna kitu anachozunguka. Anachora upana wa mutu aliyelala, anarudi kwenye mustari wake na kuendelea. Mbele kidogo, tena. Na mahali ni pale pale kila siku. Hapa kwa ukuta wa aéroport, hapa kwa meza ya mama Wivine anayeuza makala ya kupikia, hapa kabla ya kona. Bénita alikwisha kuvijua vitu vile kwa hesabu ya hatua zake, alikuwa ananiambia: «Mama, tunakaribia kile cha kwanza.» Sikulipenda lile neno «kile».

Watu wa barabara waliona pia. Mama Wivine alihamisha meza yake, akaivuta mpaka upande wa pili. Aliniambia: «Mama Bénita, ile imbwa iko naheshimu mutu. Mimi siuzi makala karibu na mutu nisiyemuona.» Wengine walianza kuvuka wakimuona Kapita anakuja. Mwingine alisema tumuombee yule asiyeonekana. Mimi niliomba, lakini niliombea mutoto kwanza.

Maana hatari haikuwa hadithi. Kapita alikuwa anazunguka upande wa magurudumu, kule katikati ya barabara. Siku moja chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliteremuka na makala kwa mbio, mubao wake ukamupita Bénita kwenye kiwiko na kuchana mukono wa blouse. Kijana wa chukudu alipiga kelele: «Weye! Unatembea sawa mulevi? Imbwa yako iko naona shetani?» Bénita akamujibu: «Na wewe uliye na macho mawili, mbona hukuniona?» Watu walicheka. Mimi nilikaa chini palepale na beseni yangu.

Na kulikuwa na mukaguzi. Kila mwezi wa kumi na moja, bwana Paul anakuja kutoka kwa wale wanaosaidia foyer, kutazama imbwa wote wakifanya kazi. Sheria yake ni ya haki, sina la kulaumu: imbwa anayemupeleka mwenye kumushika kwenye magurudumu anaondolewa, anafungwa getini kulinda nyumba. Kwa Kapita ilikuwa inamaanisha munyororo wa chuma. Kwa Bénita ilikuwa inamaanisha kurudi kukaa kwenye kiti nyuma ya mulango wangu, kungoja mutu amushike mukono. Kazi ya Munigi ingeisha. Nilimwambia papa Théogène: «Papa, tafazali, kabla haujaondoka kwa kazi, unitolee hii tabia.» Akajibu: «Mama Bénita, tabia yote ina mutu aliyeileta. Nitamutafuta.»

Alituuliza maswali yote kwenye benchi. Nani anazunguka nyumbani? Nani anaogopa kitu njiani? Alimutazama Bénita mukono, alimutazama muguu. Alinitazama mimi pia, mupaka nikaona haya. Hakupata. Akaanza kumutembeza Kapita mwenyewe, asubuhi kwa asubuhi, na sambaza mufukoni. Na hapo ndipo mambo yakawa ya kutisha zaidi. Maana na Bénita, Kapita alikuwa anasitasita kwanza. Akiwa na papa, Kapita hakusita. Alizunguka vizuri, kwa utulivu, kama mutu anayejua njia ya nyumbani kwake. Papa alirudi akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, akamutazama imbwa kwa muda murefu, akasema: «Huyu alizaliwa nayo.» Nilikuwa namenya viazi, kisu kikasimama. Kwa miaka yote sikuwa nimemusikia akisema neno hilo juu ya imbwa.

Ilikuwa mwezi wa saba. Papa alitangulia na Kapita, mimi na Bénita tulikuwa nyuma, nimemushika mukono. Mama mwenye mutoto asiyeona anaangalia chini, hiyo ndiyo kazi ya macho yangu, sijui kuangalia mahali pengine. Nilikuwa naangalia miguu yao wote. Tulipokaribia ukuta wa aéroport niliona muguu wa kushoto wa papa umetoka pembeni. Baada ya muguu, sikio la Kapita likalala. Baada ya sikio, imbwa akazunguka. Nilisema macho yangu yananidanganya. Tulipofika pale kwa mama Wivine niliinama kabisa: muguu, halafu sikio, halafu imbwa. Nilimwambia Bénita kwenye sikio.

Bénita aliachia mukono wangu. Halafu akaita: «Papa Théogène! Umupe mama kamba ya Kapita. Mimi nishike bega lako.»

«Sasa mimi ndiye imbwa?» papa alicheka.

«Leo ndiyo, papa. Na usiokote mifupa.»

Wakaenda hivyo, yeye mbele, mutoto wangu nyuma, mukono begani. Kabla ya kona bega lilipinda. Bénita akauliza, kwa sauti ya kawaida, kama mutu anayeuliza saa: «Papa, umezunguka. Iko nini hapa?»

Akajibu mara moja, bila kugeuka: «Iko maji.»

Haikuwa sauti yake. Ilikuwa sauti ya kijana. Na ilikuwa kiangazi, vumbi lilikuwa linaingia kwenye meno, tangu mwezi uliopita hakuna tone lililoanguka juu ya Goma. Kapita alikaa chini. Papa aliangalia barabara mbele ya muguu wake, ikiwa nyeupe na kavu, akaiangalia kama mutu aliyesikia ameitwa kwa jina la utoto. Halafu alitafuta jiwe la kukalia.

Alichotuambia pale nakiandika kama alivyokisema, maana ameniruhusu. Mwaka wa 1994, mwezi huohuo wa saba, wakimbizi walipojaa, baba yake alikuwa Kibumba kwa dada yake papa, mama Mukamurenzi. Kambi ilizunguka nyumba yao, na kolera ikaingia kambini. Papa alipanda kumutoa baba. Gari hakuna. Waliteremuka kwa miguu hadi Goma, muzee ameshika bega la mwana wake. Na barabara ilikuwa na watu waliolala. Wengine walifunikwa mukeka, wengine hawakupata wa kuwafunika. Kwetu mutu aliyelala harukwi, hata kama ni pombe tu iliyomulaza. Sasa wale? Basi papa alimuzungusha baba yake kwa kila mumoja. Muzee akiuliza mbona wanapinda hivi, papa alisema: «Iko maji, baba.» Wakaendelea. «Iko maji, baba.» Na kila mara muzee aliinua kofia yake kidogo, halafu akairudisha. Jioni, walipofika Katindo, muzee aliomba maji ya kunawa miguu. Akasema kwa Kinyarwanda chao: «Mwana wanjye, leo tumevuka mito mingi.» Tangu siku ile mupaka alipokufa hawakulizungumza tena.

Kwa hiyo imbwa wote wa foyer walijifunza kunyooka kwenye barabara ile, kwa sababu asubuhi ni tulivu, na wote walifundishwa na muguu ule. Wasioona wengine wanakaa Himbi au Ndosho, hakuna aliyekuwa anapita kule kila siku, ndiyo maana haikuonekana. Papa mwenyewe hakuiona, angeionaje, alikuwa anazunguka pamoja nao.

Hapo hesabu inaeleweka. Kitu kimoja hakieleweki, na sitajifanya ninakielewa. Sehemu ile ya barabara si ile ya 1994. Mulima ulipopasuka mwaka wa 2002, mawe ya moto yalipita juu yake. Barabara wanayotembea leo iko juu ya mwamba, na ile ya zamani iko chini kabisa, hakuna ukuta uliobaki, hakuna muti. Nilimuuliza papa muguu wake unapajuaje. Alisema: «Mama Bénita, mimi pia nauliza.»

Alijaribu kunyoosha muguu. Tuliona akijaribu, na haikuwa kitu cha kutazama. Muguu ulikuwa unainuka na kubaki hewani, jasho linamutoka. Bénita ndiye alisema: «Usiitoe tabia hii, papa. Uisimamishe tu. Kapita akifika asimame, mimi nijue nimefika, halafu tupite upande wa ukuta, mbali na magurudumu.» Papa alimutazama kama vile yeye ndiye mwenye miaka ishirini na sita kwa kazi. Tangu siku hiyo mazoezi yalikuwa hivyo. Papa anafika na Kapita, wanasimama, anainua kofia, anatoa samaki mukononi, anapita upande wa ukuta. Kofia haikuwa lazima kwa kufundisha imbwa. Alisema bila kofia muguu unakataa.

Mama Wivine alirudisha meza yake. «Kama wanasalimiwa, sisi hatuna shida nao,» aliniambia, na akanipunguzia bei ya makala.

Mwezi wa kumi na moja bwana Paul alikuja, akatembea na Bénita kutoka Majengo hadi shuleni. Mimi nilikuwa nyuma na beseni. Kapita alisimama kwenye ukuta wa aéroport. «Kwa nini anasimama?» bwana Paul aliuliza. Bénita akasema: «Anangoja nimuruhusu.» Akamuruhusu, wakapita vizuri. Papa Théogène, aliyekuwa pembeni, alikuwa ameinua kofia. Bwana Paul alimuona, akaondoa yake pia, kwa adabu, hakuuliza. Akatembea hivyo kichwa wazi hadi mwisho. Kapita amebaki kazini. Siku ile nilipika nyama na ndizi kwa foyer yote, na nililia ndani ya kitunguu ili watu wasijue.

Nilifikiri habari imeisha. Juma lililopita papa aliniambia hataki zawadi ya kuagwa, anataka tembezi moja. Dada yake Mukamurenzi amekimbia Kibumba, vita vimemutoa tena kwenye nyumba yake, sasa anakaa hemani Kanyaruchinya. Papa alitaka kwenda kumusalimia kwa miguu, macho yamefungwa na kitambaa, akishika bega la Bénita kama baba yake alivyoshika lake. «Nataka kujua muzee aliona nini,» alisema. Laurent, anayechukua kazi yake, alikuja na imbwa wake mudogo anayemufundisha kwa kichwa chake mwenyewe, upande wa Himbi. Mimi nyuma. Niliondoa sandali nisisikike.

Kwa ukuta wa aéroport Kapita alisimama. Bénita akasema: «Iko maji, papa.» Papa aliinua kofia. Kwa mama Wivine: «Iko maji, papa.» Kofia. Mama Wivine aliweka mukono kifuani na kunyamaza, yeye anayesema hata akilala. Kabla ya kona, hivyohivyo. Tulipita Munigi, barabara ikaanza kujaa watu wa kambi, maji vichwani, watoto migongoni, moshi. Mahema yamebanana hata kuku hapati pa kupita.

Hapo mwanzo wa mahema Kapita alisimama.

Papa alimusukuma Bénita kidogo begani. «Tuende.» Bénita akasema: «Papa, amesimama.» Papa aliondoa kitambaa machoni. Alitazama kushoto na kulia. «Hapana,» alisema. «Hapa sina mutu. Hapa tulipita sawa.» Niliangalia muguu wake, ulikuwa umetulia, haukutaka kwenda popote. Niliangalia nyuma. Imbwa mudogo wa Laurent, ambaye hajatembea na papa hata siku moja, alikuwa amelaza masikio. Na kando ya barabara, katikati ya mahema yale yaliyobanana, kulikuwa na nafasi wazi. Ndefu kiasi cha mutu.

Mama Mukamurenzi alitoka kwenye hema la karibu yake. Papa hakumusalimia hata, alimuuliza: «Kwa nini hakuna aliyejenga hapa?»

«Nani anajua? Kila aliyetandika mukeka hapo alihama mwenyewe. Mimi niliogopa kukaa pembeni yake, lakini nafasi ilikuwa hii tu.» Halafu alimuona kaka yake uso ulivyo, akaona imbwa wawili, akaona kitambaa mukononi. Alikaa chini. «Théogène,» akasema, «baba alinikataza. Lakini amekwisha kufa, na wewe umekuwa muzee.»

Alisema hivi. Siku ile ya 1994, baada ya kuteremuka sehemu kubwa ya njia, papa alianza kulia. Alilia bila sauti, lakini bega linasema. Akiwa analia hakuangalia, na mahali pamoja, hukuhuku Kanyaruchinya, hakusema maji. Muzee alisikia kitambaa chini ya kidole cha muguu, na chini ya kitambaa, mukono. Alikuwa amekwisha kumuruka mutu. Muzee alijua tangu maji ya kwanza, pua haifungwi kama macho. Hakutaka kumwambia mwana wake, maana angerudi nyuma, au angekaa palepale asiinuke tena. Basi aliinua kofia, akaomba musamaha peke yake, kwa jina lake na kwa jina la mwana wake. Baadaye alimwambia binti yake huyu peke yake, akamukataza kusema.

Wale watu wa kambi walipita kando yetu, na niliona kwamba hakuna hata mumoja aliyekanyaga ile nafasi, wala hakuna aliyeiangalia. Halafu papa alifunga tena kitambaa machoni. Aliweka mukono kwenye bega la Bénita. Mutoto wangu alingoja mukono utulie, akasema polepole, kama unavyomwambia mutu mukubwa unayemupenda: «Iko maji, papa.»

Akainua kofia, hakuirudisha haraka. Halafu Bénita alimuruhusu Kapita, na Kapita akawapitisha upande salama.

Papa Théogène, hii ndiyo karatasi yako. Directrice alisema iwe fupi, imekuwa ndefu, atapunguza mwenyewe. Foyer yote inakushukuru: wasioona uliowapa njia, imbwa usiowapiga, Laurent unayemuachia kamba na sambaza. Mimi ninakushukuru kama mama. Usiku nilikuwa silali, sasa ninalala kidogo. Asubuhi ninabaki na beseni yangu nyumbani, isipokuwa siku ninapoogopa sana, na siku hizo Bénita anajifanya hasikii.

Tunajua ungependa kurudi Kalengera, na Kalengera haiendeki leo kwa sababu ya vita. Mungu aifungue barabara. Siku itakapofunguka, uipande na kofia yako kichwani na mukono wako ukiwa umetulia. Mutoto wangu amesema atawasalimia wale wote kwa niaba yako kila asubuhi, na yule wa Kanyaruchinya kwanza, hata kutoka mbali. Wewe pumuzika. Sisi wa Foyer Tushikane tunakuombea kitu kimoja tu, papa wetu: njia yako iwe kavu.